Kupima sisteini katika plazma kwa kichunguzi cha fluoresensi: naomba ushauri

Mwanafunzi wa Mtwara

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa utafiti wa uzamili hapa Mtwara kuhusu sisteini (asidi amino yenye salfa) katika plazma, yaani majimaji ya damu, ya watu ambao chakula chao kikuu ni makopa ya mihogo michungu, kwa kuwa mwili huigeuza sianidi kuwa thiosianeti kwa salfa itokayo kwenye asidi amino zilezile ambazo muhogo unazo kidogo. Kichunguzi changu, yaani molekuli inayowaka ikikutana na kinachopimwa, ni kumarini (rangi ing'aayo) ambayo haidroksili yake (kikundi cha OH) imefunikwa kwa akrilati: ikifunikwa haing'ai, na sisteini ikiifunua hutoa mwanga wa buluu. Katika bafa (myeyusho unaotunza pH), glutathioni, molekuli nyingine yenye salfa, haiiwashi kwa kiasi cha kutia shaka, lakini katika plazma mwanga umezidi mno matarajio. Je, nibadilishe kifuniko, au glutathioni ya damu ndiyo inayonivuruga?

Mkemia wa Masasi

Ndugu, glutathioni ningeiachia mapema. Ndani ya seli hufikia milimola 1 hadi 10, ila katika plazma ni maikromola chache tu, isipokuwa chembe nyekundu zikipasuka. Zaidi ya hayo, muundo wako unaikwepa. Salfa ya sisteini hujiunga na akrilati, kisha amini (kikundi chenye naitrojeni) iliyo jirani hushambulia esta, yaani kiungo kinachoshika akrilati kwenye kumarini, ikafunga pete ya atomi saba na kuiachia kumarini. Homosisteini, inayofanana na sisteini ila ina kaboni moja zaidi, hulazimika kufunga pete ya atomi nane, kwa hiyo huchelewa. Na glutathioni, ambayo amini yake iko mbali, hujiunga bila kuifungua kumarini. Kinachochagua hapo ni amini, wala si salfa, hivyo kifuniko kinachoipenda salfa zaidi hakitakusaidia.

Ninayemshuku ni esta yenyewe. Plazma ina vimeng'enya vinavyokata esta, na albumini, protini kuu ya plazma, nayo ina tabia hiyo, kwa hiyo kumarini inaweza kufunuliwa bila sisteini kuhusika. Zuia kwanza thioli zote (vikundi vya salfa na haidrojeni, SH) kwa N-ethilimaleimidi, kemikali inayozifunga, ndipo uongeze kichunguzi: mwanga utakaobaki si wa sisteini.

Mwalimu wa Nachingwea

Nakubaliana na mwenzangu, ila kuna swali linalotangulia: unapima sisteini ipi? Katika plazma, jumla yake hukaribia maikromola 250, lakini iliyo huru na yenye thioli wazi ni takribani 10 tu. Iliyobaki imeungana yenyewe kwa yenyewe au imeshikana na albumini. Ukitaka jumla, itakubidi uivunje miungano hiyo kwanza, na hapo uangalie, kwa sababu fosfini (kemikali za fosforasi) zitumikazo kwa kazi hiyo hushambulia akrilati pia. Kisha gandisha protini kwa asidi, uziondoe, na urudishe pH hadi 7.4 kwa uangalifu, maana pKa ya haidroksili ya kumarini (pH ambayo nusu yake huwa imepoteza haidrojeni) iko karibu na 7.8 na mabadiliko madogo tu hubadilisha ukali wa mwanga.

Mwanafunzi wa Mtwara

Ahsanteni sana, walimu wangu. Jaribio la N-ethilimaleimidi nitalifanya kwanza. Sampuli zitatoka vijiji vya Tandahimba na kuletwa mjini kwa gari. Je, zitafika salama?

Mwalimu wa Nachingwea

Kwa joto letu, damu nzima isisafirishwe. Tumia chupa zenye EDTA (kizuia damu kuganda), ziweke kwenye barafu, tenganisha plazma kwenye kituo cha afya kilekile, na uitie asidi hapohapo, kwani thioli zilizo wazi huoksidika upesi.