Canter ya zamani inavuja dizeli na inasumbua kuwaka asubuhi: nianzie wapi kabla ya kufungua injini?

Mwenye lori, Kisauni

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Ninamiliki lori aina ya Canter la mwaka 1996, lenye injini ya 4D33, ambalo hubeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya upande wa Kilifi hadi Bamburi na Kisauni. Kwa muda wa miezi 2 sasa, kila asubuhi dereva hulazimika kupiga stata mara 5 au 6 kabla injini haijashika. Ikishashika hutetemeka kwa dakika moja hivi, kisha hutulia na kufanya kazi kutwa nzima bila kusumbua, hata tukiizima mara kadhaa wakati wa kupakua. Vilevile, chini ya injini upande wa pampu, hupatikana doa la dizeli lenye ukubwa wa sahani.

Fundi wa kwanza amesema kwamba ringi za pistoni zimekwisha na hapana budi injini ifunguliwe. Wa pili amesema ni nozeli, yaani vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya injini. Gharama za wote wawili ni kubwa, nami singependa kulipia kubahatisha. Kuna jambo moja ambalo sijui kama lina maana: tukijaza tanki jioni, kesho yake lori huwaka upesi kuliko siku ambazo tanki limebaki na robo.

Dereva wa masafa, Miritini

Waaleikum salaam, dada. Kabla ya kumwita fundi yeyote, angalieni umeme. Canter nyingi hapa kwetu hutumia betri 2 za volti 12 zilizounganishwa kupata 24, na hewa hii ya chumvi huzila ncha za nyaya, hasa ule waya mnene unaofungwa kwenye chesisi, ambao watu huusahau kwa sababu uko chini na umefunikwa na tope. Mtu apime volti wakati stata inazunguka. Zikishuka chini ya 19 hivi, stata haipati nguvu ya kuizungusha injini kwa kasi inayotakiwa, na dizeli haiwaki bila kasi hiyo. Pia mchunguze plagi za joto, zile zinazopasha moto ndani ya injini kabla ya kuwaka, huenda zimeungua.

Fundi wa pampu na nozeli, Changamwe

Nakubaliana na ndugu yangu kuhusu betri na waya wa chesisi, kwa kuwa kipimo hicho hakigharimu chochote. Kuhusu plagi za joto siafikiani naye: injini hii hupulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na Mombasa, ambako hata alfajiri za Julai joto hukaribia nyuzi 20, injini ya namna hiyo yenye afya huwaka bila plagi.

Dada, lile jambo ulilolitaja mwishoni, ukidhani huenda halina maana, ndilo lenye habari yote. Kujaza tanki hakuponyi ringi, wala hakuinoi nozeli. Kinachobadilika tanki likijaa ni kimo cha mafuta: yanakuwa karibu kulingana na pampu, kwa hiyo hayana haja ya kurudi chini usiku. Tanki likiwa na robo, mafuta yaliyomo kwenye bomba huvutwa na uzito wake kurudi tankini iwapo kuna tundu la kupitisha hewa, na asubuhi stata huzunguka bure hadi pampu ndogo, ile inayonyonya mafuta kutoka tankini, iyavute tena. Ile dakika ya kutetemeka ni hewa iliyobaki inayopita kwenye nozeli.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Kutoka tankini hadi pampu ndogo, mafuta hunyonywa. Kutoka pampu ndogo kuendelea mbele, husukumwa. Tundu la upande wa kusukuma hulowesha, nawe unaliona. Tundu la upande wa kunyonya, hasa kwenye bomba lililo juu ya kimo cha mafuta, hukaa kavu kabisa, kwa sababu badala ya kutoa dizeli huingiza hewa. Kwa hiyo doa lako na tatizo lako la asubuhi huenda ni mambo mawili tofauti, na anayeziba doa pekee atashangaa kesho yake lori likikataa tena.

Fanyeni hivi. Jioni, chukueni mtungi safi wenye dizeli safi, mfungeni mahali palipo juu kuliko pampu, kisha mpira wake uunganishwe kwenye mdomo wa kuingilia wa pampu ndogo, mkiliacha bomba la tanki pembeni. Toeni hewa kwa pampu ya mkono, injini iwake kidogo, izimwe, na ilale hivyo. Asubuhi ikishika mara moja, ringi na nozeli si za kulaumiwa. Mtungi huo hautakuonyesheni tundu liko wapi, kwa kuwa mafuta yanayoshuka kwa uzito wake huficha matundu yote. Kwa hiyo rudisheni bomba la tanki, lakini mweke kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla tu ya kufika kwenye pampu ndogo, kisha mtazame injini ikizunguka. Mkiona mapovu hapo, hewa inaingia kati ya tanki na mpira huo. Pasipo na mapovu, tafuteni mbele: raba ya chujio, pampu ya mkono yenyewe, na vali ya kurudisha mafuta iliyo kwenye pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli hadi kwenye nozeli.

Dereva atazame na moshi wakati wa kupiga stata. Bomba la moshi likikaa kimya, dizeli haifiki. Likitoa moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui, na hapo ndipo hoja ya fundi wako wa kwanza ingestahili kusikilizwa.

Fundi mstaafu, Likoni

Binti yangu, hayo uliyoambiwa ni sahihi, nitaongeza mawili. Kwanza, kijiti cha oili kivutwe na kinuswe. Oili ikiwa imepanda kuliko mlivyoiacha, au inanuka dizeli, basi pampu ndogo inavujia ndani ya injini, na lori lisiwashwe tena hata kwa safari ya karibu, kwa kuwa oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi na kuua beringi.

Pili, asiwepo kijana wa kupapasa mabomba ya nozeli kwa kidole akitafuta uvujaji. Nozeli za injini hizi hufunguka kwa kiasi cha paundi 2,900 hivi kwa inchi ya mraba, hali tairi la lori hubeba takriban 100. Uzi mwembamba wa dizeli kwa nguvu hiyo hupenya ngozi, huacha alama ndogo kama ya sindano, na mkono ukiozea ndani mtu huweza kuupoteza. Tumieni kipande cha boksi, na aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama haumwi. Kwa doa la chini, osheni upande wa pampu, ukauke, mpake poda ya mtoto, kisha injini izunguke dakika chache. Dizeli itachora mstari mweusi kutoka inakoanzia.

Mwenye lori, Kisauni

Nawashukuru, nanyi wazee wangu shikamooni. Betri zilishuka hadi volti 21 tu, na oili haikunuka. Kwa mtungi, lori liliwaka asubuhi kwa mzunguko wa kwanza, hata utingo akapiga makofi. Kwa mpira wa kuonyesha, mapovu yalipita mfululizo kama soda. Tuliongoza mkono juu ya bomba la chuma hadi kwenye kibanio cha pili cha chesisi, ambapo vumbi la mawe lilikuwa limeganda pamoja na unyevu. Kibanio kilipofunguliwa, chuma chini yake kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kubaki chembamba kama ganda la yai, na hapakuwa na tone la dizeli. Poda nayo ilionyesha kwamba doa linatoka kwenye washa ya shaba ya bomba la kurudisha mafuta ya nozeli, ambayo dereva anakiri iliwahi kufunguliwa na kurudishwa ile ile. Je, nikikata sehemu iliyooza na kuunga kwa mpira, itafaa?

Fundi wa pampu na nozeli, Changamwe

Itafaa kukufikisha dukani, mradi uwe mpira wa dizeli, kwani wa maji huvimba na kulainika. Washa wekeni mpya. Ya zamani ikibidi, ichomwe hadi iwe nyekundu ipate kulainika. Lakini bomba hilo libadilishwe lote kutoka tankini hadi pampu, kwa sababu vibanio vingine vimekula vumbi na chumvi ile ile. Vifungueni mtazame kabla lori halijarudi machimboni.