Nampeleka mama India kwa matibabu: pesa nibebeje?

BintiWaKano
Hamjamboni. Mama anafanyiwa upasuaji wa moyo Chennai mwezi ujao na mimi ndiye nitakayemsindikiza. Fedha zimetoka kwa harambee mbili, moja kanisani na moja ya ukoo hapa Kisumu, kwa hiyo kila shilingi ina mwenyewe na siwezi kuichezea. Mimi sijawahi kwenda mbali kuliko Busia, na huko nilibadilisha elfu tatu tu kwa wale vijana wa mpakani.

Ninunue dola hapa au Nairobi? Nibebe zote taslimu? Shemeji anasema nitoe kila kitu kwa kadi nikishafika. Binamu naye ana mtu wa karibu na stendi anayeuza dola rahisi kuliko benki. Nisaidieni, usingizi umenikimbia.

MzeeKibos
Pole binti yangu, Mungu amtie mama nguvu. Huyo wa stendi mwache kabisa. Mpwa wangu alinunua kwa mtu wa namna hiyo, na noti 3 zikakutwa bandia alipofika kaunta Nairobi. Risiti hana, simu ya yule mtu haishikwi tena. Nenda benki, au duka lenye leseni ya Benki Kuu. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao.

MamaTito_Nyakach
Dada, nilikaa Chennai wiki saba na mume wangu, kwa hiyo nisikilize.

Pesa ya upasuaji usiibebe mkononi. Omba hospitali barua ya makadirio yenye akaunti yao, kisha benki yako iitume moja kwa moja. Akaunti hiyo ihakikishe kwa kupiga simu hospitali yenyewe. Usitegemee ujumbe wa WhatsApp wa wakala. Na uliza makato ya benki za katikati, zile ambazo pesa hupitia njiani, yanalipwa na nani. Sisi hatukuuliza. Pesa zilifika pungufu, tukadaiwa kilichobaki asubuhi ya kulazwa, mume wangu amekaa kwenye kiti cha magurudumu akitutazama. Sitaki hilo likupate.

Dola za mkononi ziwe za chumba, chakula, dawa na usafiri. Chukua noti za 100 zilizo safi, na uzikague moja moja kabla hujaondoka kaunta. Iliyochanika, iliyoandikwa kalamu au ya toleo la zamani irudishe hapo hapo, maana ukibaki nayo hata hapa nyumbani wataikataa.

Karani_wa_Kakamega
Naongeza kuhusu bei. Usidanganywe na kibao cha "hatutozi ada". Faida yao iko kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tuseme duka linanunua dola kwa 127 na kuiuza kwa 131: ukichukua dola 2,000 leo na kuzirudisha kesho umepoteza shilingi 8,000, na ada hukuona. Kwa hiyo nunua unazozihitaji tu. Asubuhi tazama kiwango cha Benki Kuu, kisha uliza maduka matatu, "Nikikupa laki mbili, napata dola ngapi mkononi?" Jibu la swali hilo ndilo la kulinganisha.

Otieno_safari
Nairobi ni nafuu. Nunua huko.

Karani_wa_Kakamega
Ndugu, tuseme tofauti ni senti 50 kwa kila dola: kwa dola 2,000 ni shilingi 1,000. Kweli azunguke mjini na mgonjwa wa moyo na mkoba wa pesa kwa ajili ya elfu moja? Anunue Kisumu, Oginga Odinga Street, mchana, akiwa na mtu wake. Cha kuepuka ni kuacha hadi uwanja wa ndege.

MamaTito_Nyakach
Nakubaliana naye. Ukitua Chennai badilisha dola 50 tu za teksi, zilizobaki ubadilishe mjini. Beba pasipoti, wataiomba. Noti ya rupia 2,000 ukipewa ikatae, iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023. Za 500 ndizo utakazotumia.

Kadi nayo usiiache, ila iwe ya akiba. Mashine nilizotumia zilinipa rupia 10,000 kwa mara moja, na kila mara kuna makato, kwa hiyo mpango wa shemeji ungekula pesa nyingi. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa rupia, chagua rupia. Ukichagua shilingi wanakuwekea bei yao wenyewe. Na iarifu benki yako kabla ya safari, wasije wakaifunga kadi ukiwa dirishani pa duka la dawa.

MzeeKibos
India ukiingia na noti za zaidi ya dola 5,000 unajaza fomu ya forodha. Kiasi chako kitakuwa chini ya hapo, lakini ulijue.

BintiWaKano
Asanteni sana, sasa napumua. Kesho naanzia benki na barua ya hospitali. Rupia zikibaki nifanyeje?

MamaTito_Nyakach
Tunza risiti ya kila unapobadilisha. Kwa risiti hizo watakurudishia dola kabla hujaondoka. Ukija nazo Kisumu utakosa wa kuzinunua. Na mtafutie mama soksi nzito, wodi zile zina baridi ya kiyoyozi usiku kucha.