Sukari ya Babu

*Kikundi: Wana wa Pongwe, Tanga*

Hamisi (10:48 alfajiri): Jamani aliye macho! Babu hayuko sawa. Shuka limelowa jasho chapachapa, anatetemeka, nikimsemesha ananijibu maneno hayaeleweki

Hamisi: Kanitukana. Babu!!

Shangazi: Nipo nae hapa. Sukari imepanda hiyo, au kuna kingine kimempanda. Nimemwambia Hamisi asimpe kitu mpaka kuche

Mama Rahma: Shikamoo shangazi. Hapana, msingoje kuche. Hamisi mashine ya kupimia iko wapi? Mtoboe kidole sasa hivi

Hamisi: 2.6

Mama Rahma: Imeshuka. Chini ya 4 ni hatari. Anameza? Anaweza kukaa?

Hamisi: Nikimshikilia anakaa. Maji kanywa

Mama Rahma: Koroga sukari vijiko vinne vya chai kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote

Hamisi: Sukari haipo

Mama Rahma: Haipo vipi??

Hamisi: Shangazi aliitoa humu ndani tangu Mfungo Sita. Na asali

Mama Rahma: Gonga kwa jirani. Kimbia. Wakikosa, soda, lakini ya kawaida, sio zile zisizo na sukari

Shangazi: Nimpe chapati ya jana wakati tunangoja?

Mama Rahma: Itachelewa shangazi, ina mafuta. Sukari kwanza. Na akianza kuzimia msimmiminie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu mumkimbize hospitali

Hamisi (11:06): Jirani kanipa. Babu kanywa

Mama Rahma: Robo saa, halafu pima tena

Ami Muscat: Ndio nashika simu. Kuna nini? Mpeni maji ya mlonge yasafishe damu

Mama Rahma: Shikamoo ami. Mlonge wenyewe unaweza kuishusha zaidi. Subiri kidogo

Hamisi: 3.3

Mama Rahma: Rudia vilevile

Hamisi (11:40): 5.1. Anauliza mbona tumejazana chumbani kwake

Bi Mdogo: Alhamdulillahi 😭😭

Mama Rahma: Sasa uji na kipande cha mkate. Jana usiku alikula nini?

Hamisi: Hakula. Alishinda shamba anapalilia, akarudi hoi, akameza dawa akalala

Mama Rahma: Dawa ipi? Soma boksi

Hamisi: Glibenclamide

Mama Rahma: Basi. Hiyo inalisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, ule usile. Na kwa mzee, figo zikiwa zimechoka, inakaa mwilini sana. Sasa hivi anacheka na nyie, saa nne anashuka tena. Ya asubuhi asiimeze, apelekwe kwa daktari leo hii. Na msimwache alale peke yake

Ami Muscat: Hivi nyumba ya mgonjwa wa sukari inakosaje hata kijiko cha sukari? Nani anasimamia hapo?

Shangazi: 🎤 1:12

Shangazi: Naandika maana sauti zangu hamzisikilizi. Ni wewe ulipiga simu ukasema usisikie sukari humu ndani. Nikaitoa. Biskuti za harusi nimezifungia kabatini kwangu, nimekuwa askari kwa baba yangu mwenyewe. Kila mmoja akipiga anauliza "amekula sukari?" Hakuna anayeuliza "amekula?"

Bi Mdogo: Kweli dada

Ami Muscat: Nisamehe dada. Nilisema kwa hofu

Shemeji Dar: Mimi nilijua mwenye kisukari anaanguka ikizidi tu

Mama Rahma: Wengi mnajua hivyo shemeji. Jasho la ghafla, njaa, mikono kutetemeka, ukali ambao si wake: pimeni. Mashine isipokuwepo na anameza, mpeni sukari tu. Kama ilikuwa juu, vijiko hivyo havitamfanya kitu kikubwa. Kama iko chini na nyie mnangoja kuche, ubongo unaumia

Hamisi: Stripu za kupimia zimebaki tatu

Ami Muscat: Kuna mgeni anakuja Ijumaa, nitampa boksi mbili

Mama Rahma: Ami subiri picha ya mashine kwanza. Zile za mwanzo hazikuingia

Ami Muscat: 😅 Sawa mama

Hamisi (8:20 mchana): Wamemlaza mpaka kesho, wanampima mara kwa mara. Wametoa damu ya kuangalia figo. Ile dawa wamesimamisha, daktari atampangia nyingine. Kasema akienda shamba ale kwanza na abebe kitu kitamu

Shangazi: Sukari nimenunua kilo. Iko juu ya friji, Hamisi usiitie kwenye chai yako

Hamisi: Babu anasema peremende zake zikae mfuko wa kanzu na usimpekue

Shangazi: Mwambie nitazihesabu