Madoa meusi usoni sababu ya homoni na umri, wanawake wa Kigoma tupeane uzoefu

Habari za jioni wapendwa. Mimi niko Ujiji, mimba yangu ya pili ndo ilinianzishia, mashavu yote mawili yakaota doa rangi ya kahawa kama ramani na juu ya mdomo kivuli. Mawifi wakasema ni mtoto wa kike anamnyang'anya mama uzuri, nikajifungua mvulana. Wengi yanafifia baada ya kujifungua, yangu yalipungua kidogo tu, mtoto alivyoacha ziwa nikaanza vidonge vya majira yakarudi kwa kasi, nesi akaniambia homoni za kwenye vidonge nazo zinachochea, tukabadilisha nikawekewa kitanzi kisicho na homoni. Nyie wenzangu je?

Mama Migebuka: Mi naanika dagaa Kibirizi, jua la juu linakuchoma na la kwenye maji linakurudia usoni. Dokta wa ngozi alinambia homoni zinaamsha chembe za rangi, ila jua na joto ndo vinakoleza. Sasa navaa kofia pana ya ukili, na losheni ya jua ile yenye rangi ya ngozi, sisi weusi inatufaa kuliko nyeupe. Taratibu yanafifia.

Binti Mwanga: Jamani msikimbilie mkorogo, nawaomba. Niliuziwa kikopo hakina hata lebo, wiki ya tatu naitwa mrembo, nikaendelea mwaka mzima mashavu yakageuka weusi wa bluu, kama mkaa uliomwagiwa maji, na vidole vikaota sugu. Kumbe ni haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, Tanzania imepigwa marufuku kwenye vipodozi, na zebaki pia. Doa la mimba lingeweza kufifia, hili la mkorogo ninalo mpaka leo, mtoto wa dada yangu kaniuliza nani alikupiga.

Bibi wa Katonga: Wanangu, nina miaka 61. Mi nina vile vipele vidogo vyeusi kama mbegu za mchicha, mama yangu pia alikuwa navyo, vinaongezeka na umri ila havina madhara. Ila doa jipya unyayoni au mstari mweusi kwenye kucha unaotanuka, hilo nendeni hospitali mapema.

Shikamoo bibi, asante. Binti Mwanga pole sana mdogo wangu, uliacha ghafla au kidogo kidogo?

Binti Mwanga: Ghafla dada, uso ukawaka moto na kutoka vipele, dokta akasema ndani kulikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Anayetaka kuacha aanzie kwa daktari.