MREJESHO: Talaka Ontario, wakili na cheti cha ndoa cha Kiswahili

Wakuu, niliuliza namna ya kufungua talaka Ontario, Kanada, na kupata wakili wa familia bila kumaliza akiba. Amri ya talaka imetoka. Asanteni sana.

Aliyenielekeza huduma ya kuelekezwa kwa wakili ya Law Society of Ontario (chombo kinachosimamia mawakili wa huko), Mungu akubariki: unapewa jina la wakili na mazungumzo ya hadi dakika 30 bure. Nilimlipa akague Fomu 8A (maombi ya talaka) na Fomu 36 (kiapo cha talaka) tu, siyo kesi nzima. Cheti cha ndoa cha Kiswahili kiliambatishwa na tafsiri pamoja na kiapo cha mtafsiri. Hati za maombi alizikabidhi kwa mwenzangu mtu mwingine aliyetimiza miaka 18, kwa sababu mwombaji haruhusiwi kumkabidhi mwenzake mwenyewe. Kisha mtu huyo akajaza Fomu 6B, kiapo kwamba amezikabidhi.

Kilichokwama ni matunzo ya watoto. Niliandika kiasi tulichokubaliana bila uthibitisho wa kipato, jalada likarudishwa. Jaji hatoi talaka mpaka aridhike watoto wana matunzo ya kutosha, hata kama wazazi wamepatana. Ambatisheni taarifa za kodi ya mapato mapema.

Mgawanyo wa nyumba bado; hiyo ni kazi nyingine ya wakili.

Na msipange ndoa mpya haraka: talaka huanza kutambulika siku ya 31 baada ya amri, ndipo unaomba cheti cha talaka.