Kuta za zamani zenye rangi juu ya rangi: nizitayarishe vipi kabla ya plasta laini? (Bukavu)

Furaha wa Nguba

Jambo ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Nyumba yetu iko Nguba, kwenye mteremko. Ni ya matofali, ilijengwa wakati wa Wabelgiji. Wapangaji wamekaa humo miaka mingi na kila mmoja alipaka rangi yake juu ya ile aliyoikuta. Mama anarudi kuishi nasi mwezi wa nane, na ninataka akute kuta laini na nyeupe. Chini, kutoka sakafuni hadi kiunoni, kuna rangi ya mafuta ya kahawia, ngumu, inang'aa. Juu ni rangi ya maji, nayo inabambuka vipande vikubwa kama karatasi. Halafu chumba cha nyuma, upande wa mlima, kona moja inatoa unga mweupe na rangi imefura.

Masoni (fundi wa ujenzi) aliyekuja amesema siku 2 zinatosha: anapaka gundi nyeupe ukuta wote, kisha anapiga jasi, yaani ile plasta laini. Nilipomuuliza kuhusu ile rangi inayobambuka, akajibu kwamba jasi itaishika. Moyo wangu haukutulia. Ni kweli? Kama si kweli, nianzie wapi?

Masoni wa Kadutu

Dada Furaha, moyo wako uko sawa. Jasi haishiki ukuta, inashika kile ilichokikuta juu ya ukuta. Kama ni rangi iliyolegea, basi umeibandika kwenye rangi iliyolegea. Jasi mbichi ni nzito na imejaa maji. Maji yanalainisha rangi, uzito unaivuta, vyote vinashuka pamoja.

Usimlipe mtu bado. Fanya majaribio haya kwanza. Chukua wembe, chora mistari midogo ya kukatiza kama nyavu, bandika utepe wa gundi, ugandamize vizuri, kisha uung'oe kwa nguvu. Utepe ukirudi na vipande vya rangi, hapo hapafai kubeba kitu. Gonga pia kwa kifundo cha kidole ukuta mzima, polepole. Panapolia kama ngoma, lipu yenyewe imeachana na tofali, na hapo ni kubomoa. Kisha pitisha kiganja kikavu pale rangi ilipobambuka utuambie kimetoka na rangi gani.

Mama Deo

Mimi naandika kwa uchungu. Sebule yangu ilipigwa jasi juu ya rangi hivyohivyo, fundi akaniambia gundi inatosha. Miezi michache ilikuwa nzuri, wageni walisifia. Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza nikaona nyufa nyembamba, halafu usiku mmoja kipande kikubwa kama mlango kikaanguka kwenye kiti ambacho mtoto hupenda kukaa. Mungu alimweka kitandani usiku huo. Nyuma ya kile kipande rangi ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania jasi, ukuta wenyewe umebaki uchi. Nililipa mara 2. Tafadhali usikubali siku 2.

Mpaka Rangi Bagira

Binti yangu, kuna jambo ambalo wengi hulipita. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa risasi, yale madini yenye sumu, na nyumba ya umri huo unapaswa kuihesabu kuwa nayo hadi ithibitike vinginevyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, ubongoni. Kwa hiyo ile kahawia ya chini USIIPIGE MSASA MKAVU, na usiichome kwa moto. Lowanisha kwa maji yenye sabuni, sugua kwa msasa wa maji hadi mng'ao ufe tu, hakuna haja ya kuimaliza. Futa kwa kitambaa kibichi, fagio lisiingie humo. Uchafu wote uutie kwenye mfuko, usiumwage bustanini wala karibu na kisima. Watoto walale kwa jirani siku hizo.

Kama rangi hiyo imeshika imara, kuifunika ni salama kuliko kuikwangua.

Furaha wa Nguba

Aksanti sana, Papa. Sikujua kabisa, na nina wadogo zangu 2 hapa nyumbani. Watakwenda kwa shangazi Muhumba.

Nimefanya majaribio leo asubuhi. Chini: utepe umerudi mtupu mara zote 4. Nimesugua pia kwa kitambaa chenye spiriti, haikulainika, kwa hiyo ni mafuta kweli. Juu: utepe umerudi na rangi yote, na chini yake kiganja kimetoka cheupe kama nimeshika unga wa muhogo. Sehemu 2 zinalia ngoma, karibu na dirisha.

Masoni wa Kadutu

Umepata jibu. Cheupe kile ni chokaa. Zamani walipaka chokaa, baadaye mtu akaja na rangi ya maji juu yake. Chokaa cha zamani kinakuwa unga, rangi ya maji inakosa pa kushika, ndiyo maana inatoka kama karatasi. Usipoteze gundi hapo, utakuwa unagundisha unga.

Kule juu inatoka yote. Nyunyiza maji, subiri dakika 15 hivi, kwangua kwa spatula pana, rudia. Ikishafika kwenye lipu ngumu, osha kwa sponji, badilisha maji kila mara, hadi kiganja kitoke safi. Ni kazi ya mikono, inachosha, na hapa ndipo pesa ya fundi inapaswa kwenda. Palipolia ngoma bomoa, ziba kwa simenti na mchanga, acha pakauke kabisa.

Lipu ikiwa wazi na kavu, ndipo gundi nyeupe inafaa: moja kwa maji manne au matano, kupunguza kiu ya ukuta. Bila hiyo ukuta unanyonya maji ya jasi na jasi inakauka upesi kabla hujailainisha. Kwa rangi ya mafuta gundi tupu haitoshi, ni laini mno. Baada ya kuua mng'ao na kuosha, paka rangi ya msingi inayoshika juu ya mafuta, na ikiwa bado mbichi irushie mchanga mkali, mkavu, uliochekechwa. Ikikauka, ukuta unakuwa kama msasa. Jasi itapata meno ya kuuma.

Yaya Solange

Mimi nabaki kwenye kile chumba cha nyuma, maana hakuna aliyekigusa. Huo unga mweupe si chokaa, ni chumvi. Maji yanatoka kwenye udongo, yanapita kwenye tofali, yakikauka yanaacha chumvi. Nyumba zetu za mteremko zinaumwa ugonjwa huu: mlima unateremsha udongo kila mwaka hadi unauegemea ukuta. Nenda nyuma ya nyumba ukaangalie. Udongo uko juu kuliko sakafu ya ndani?

Furaha wa Nguba

Yaya, nimetoka kuangalia sasa hivi. Uko juu, karibu na goti. Na bati linamwaga maji palepale.

Yaya Solange

Basi usipige jasi humo mwaka huu. Jasi na maji haviishi pamoja, inalainika na kuoza. Ondoa udongo hadi ushuke sentimita 15 chini ya sakafu, chimba mfereji wa kupeleka maji pembeni, weka mfereji wa kukinga maji ya bati. Ndani toa rangi iliyofura ukuta upumue. Chumvi ipigwe brashi kavu, ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani.

Kisha ni kungoja. Mafundi huhesabu mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta, na zile kuta za Wabelgiji ni nene. Paka chokaa tu kwa sasa, kinaruhusu unyevu utoke. Ukifika wakati wa kulainisha, tumia lipu ya chokaa na mchanga.

Furaha wa Nguba

Kile ndicho chumba nilichomtengea mama, na ana kifua. Nitampa changu cha mbele, mimi nitahamia cha watoto. Nimempigia masoni, nimemweleza kazi ni ya kukwangua kwanza. Amekubali kwa bei mpya ya siku 6, na tutaanza mwezi wa sita jua likiwaka.

Moja tu imebaki. Juu ya dirisha la sebule kuna ufa wa mshazari. Baba alisema ulitokea kwenye tetemeko la Februari 2008. Nauziba tu?

Masoni wa Kadutu

Usiuzibe bado. Changanya jasi kidogo, bandika kipande kama kidole kikivuka ufa juu ya tofali lililo wazi, andika tarehe. Huyo ni shahidi. Kikiwa kizima siku ya mwisho ya kukwangua, upanue ufa kwa patasi, uujaze, weka kitambaa cha nyavu, upige plasta. Kikipasuka, ukuta unatembea: simamisha kazi hapo, mlete mtu wa kuangalia msingi.

Furaha wa Nguba

Nimekibandika leo saa kumi jioni.