Kuchaji hadi asilimia 80 au 100: tabia zipi huifanya betri ya gari la umeme idumu?

MwenyeGariJipya

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nina gari la umeme tangu hivi karibuni, na kwa kuwa betri ndiyo sehemu yake yenye thamani kubwa kuliko zote, ningependa kuanza na tabia njema za kuchaji mapema, kabla uwezo wake haujapungua. Tatizo ni kwamba ushauri ninaoupata unagongana. Mmoja ananiambia nisivuke kamwe asilimia 80. Mwingine anasema kitabu cha mwongozo cha gari lake kinamtaka alijaze hadi 100 kila wiki. Wa tatu anashikilia kwamba betri ni lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe, la sivyo itazoea kujaa nusu.

Matumizi yangu ni ya kawaida. Safari za siku nzima hula kama robo ya chaji, gari hulala nyumbani penye chaja ya ukutani ya kilowati 7.4, na chaja za haraka nazitumia ninaposafiri mbali tu. Naomba kueleweshwa nichaji hadi kiwango gani, kama nichomeke kila usiku au ningoje chaji ishuke, na kama ni kweli kwamba chaja za haraka huua betri. Nitashukuru zaidi nikielezwa na sababu, maana ushauri usio na sababu ni vigumu kuufuata pale hali inapobadilika.

FundiSeli

Karibu sana, mkuu. Nianze na huyo wa tatu, kwa kuwa jibu lake ni fupi: tabia ya kuzoea kiwango fulani cha chaji ilikuwa ya betri za nikeli na kadimiamu. Betri za ioni za lithiamu, ambazo ndizo zilizomo katika karibu magari yote ya umeme ya leo, hazina tabia hiyo kwa kiwango cha kumsumbua dereva, na kuziacha ziishe kabisa kwa makusudi ni kuzichosha bila faida yoyote.

Hayo mengine yanahitaji tuangalie kinachotokea ndani ya seli. Kila seli ina upande hasi uliotengenezwa kwa grafaiti, na unapochaji, ioni za lithiamu husafiri kutoka upande chanya na kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafaiti hiyo. Juu ya grafaiti hujengeka utando mwembamba sana unaotokana na kimiminika cha seli kuvunjikavunjika pale kinapogusana nayo. Utando huo ni wa lazima, kwa sababu ndio unaozuia kimiminika kisiendelee kuharibika kwa kasi. Lakini hauachi kabisa kukua, na kila unapoongezeka unene hufungia ndani yake lithiamu ambayo haitasafiri tena. Lithiamu hiyo iliyofungiwa ndiyo sehemu kubwa ya kilomita ambazo mwenye gari huja kugundua kwamba zimepotea.

Ukuaji wa utando huo huendelea hata gari likiwa limeegeshwa, na mambo mawili huuharakisha: joto na kiwango cha chaji. Seli ya nikeli, manganizi na kobalti iliyojaa kabisa huwa na volti 4.2, ilhali ikiwa na nusu ya chaji hukaa kati ya volti 3.6 na 3.7 hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kwa kemia ya seli ni kubwa, kwa sababu volti inavyopanda ndivyo vitu vilivyomo ndani vinavyozidi kukosa utulivu na kutafutana ili viungane.

Njia ya pili ya kuzeeka inatokana na matumizi yenyewe. Grafaiti huvimba kidogo inapopokea lithiamu na kusinyaa inapoiachia, na upande chanya nao hubadilika ukubwa. Mizunguko mirefu, yaani kushuka hadi karibu na sifuri kisha kupanda hadi 100, huleta nyufa nyingi zaidi kuliko mizunguko mifupi iliyotumia umeme uleule kwa jumla. Kwa hiyo mtu anayepanda kutoka 55 hadi 80 kila usiku huitendea betri yake wema zaidi kuliko anayengoja ifike 5 ndipo aijaze, ijapokuwa wa kwanza anachomeka mara nyingi zaidi.

Jibu langu basi ni hili: weka kikomo cha 80 kwenye mipangilio ya gari na uchomeke kila usiku bila wasiwasi. Gari likifika kikomo hujikatia lenyewe. Siku ya safari ndefu jaza hadi 100 na uondoke, kwa maana kinachoiumiza betri ni kukaa imejaa kwa muda mrefu, hasa kwenye joto. Saa moja ya kujaa kabla ya kuondoka haina uzito wa kukunyima usingizi. Wiki mbili za kujaa kwenye jua zinao.

DerevaWaMbali

Maelezo ya FundiSeli ni ya kutegemewa, ila naomba niongeze jambo kuhusu yule wa pili aliyeagizwa kujaza hadi 100 kila wiki, kwa kuwa huenda naye yuko sahihi kwa gari lake. Yawezekana kabisa betri yake ni ya lithiamu, chuma na fosfati, aina ambayo siku hizi imeenea sana katika magari ya bei nafuu zaidi.

Seli za aina hiyo zina tabia ya pekee: volti yake haibadiliki sana katika sehemu kubwa ya chaji. Iwe na asilimia 40 au 70, seli hukaa karibu na volti 3.2 au 3.3, na kompyuta ya gari, ambayo hutumia volti kama mojawapo ya njia za kukadiria chaji iliyobaki, hukosa pa kushikilia. Basi hulazimika kuhesabu umeme unaoingia na unaotoka, na makosa madogo ya hesabu hiyo hujilimbikiza siku baada ya siku. Betri inapojazwa hadi juu, volti hupanda ghafla, na hapo kompyuta hupata alama ya uhakika ya kusahihishia hesabu yake. Asiyejaza kwa muda mrefu anaweza kujikuta skrini ikimwonyesha asilimia 15, kisha gari likapunguza nguvu kabla hajategemea.

Watu wengi hulichukua agizo hilo kuwa na maana kwamba betri za fosfati hupenda kujaa. Hilo si sahihi. Watafiti wa maabara ya Jeff Dahn katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, nchini Kanada, walionyesha mwaka 2024 kwamba hata seli hizi hupoteza uwezo haraka zaidi zikitumiwa muda wote karibu na kujaa kuliko zikitumiwa kwenye viwango vya chini. Huvumilia kujaa vizuri zaidi kuliko zile za nikeli, na faida ya kuwa na kipimo cha kuaminika ni kubwa, ndiyo maana agizo la watengenezaji linafaa kufuatwa. Lakini mwenye betri ya fosfati hana haja ya kuiweka 100 kila siku kama hahitaji umbali huo.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya yote fungua kitabu chako cha mwongozo utazame betri yako ni ya aina gani. Bila kujua hilo, tunaweza tukakupa dawa ya mgonjwa mwingine.

MwenyeGariJipya

Nawashukuru sana wote wawili. Nimekiangalia kitabu: betri ni ya nikeli, manganizi na kobalti, yenye kilowati-saa 60, na mtengenezaji anapendekeza 80 kwa matumizi ya kila siku. Swali dogo: nikirudi jioni, gari huanza kuchaji mara tu ninapochomeka, na kufikia usiku wa manane linakuwa limekwisha kumaliza. Je, kuna faida yoyote ya kuchelewesha?

FundiSeli

Ipo, ingawa si kubwa kwa mtu anayeishia 80. Faida ya kwanza ni kwamba betri iliyotoka barabarani bado ina joto, na kuipa saa chache za kupoa kabla ya kuichaji ni jambo jema, hasa majira ya joto. Ya pili ni kwamba saa zote ambazo gari linangoja limekaa kwenye 55 badala ya 80, huwa limekaa kwenye volti ya chini.

Hesabu yake ni rahisi. Kupanda kutoka 55 hadi 80 kwenye betri ya kilowati-saa 60 ni kuongeza kilowati-saa 15. Kwa chaja ya kilowati 7.4 hiyo ni kazi ya saa mbili na kidogo, na ukitia ndani umeme unaopotea kama joto wakati wa kuchaji, tuseme saa mbili na nusu. Kama unaondoka saa 12 asubuhi, ukiliagiza gari lianze saa 9 usiku litakuwa tayari likiwa na nafasi ya kutosha. Magari mengi yana sehemu ya kuweka saa ya kuondoka, na hapo gari hujipangia lenyewe. Siku ile ya kujaza hadi 100 ndipo mpangilio huu unapokuwa na maana zaidi.

Na ukiondoka ukiwa na 100, usishtuke ukiona gari halijizuii kama kawaida unapoachia kanyagio kwenye mteremko wa kwanza. Breki za kurudisha umeme hazina pa kuupeleka umeme huo kwa kuwa betri imejaa, kwa hiyo utategemea zaidi breki za kawaida mpaka chaji ishuke kidogo.

BaridiNaJoto

Naomba kujibu swali la chaja za haraka, kwa kuwa naona limebaki nyuma.

Chaja ya nyumbani hutoa mkondo geu, nalo gari huugeuza kwa chaja yake ya ndani. Chaja ya haraka hupeleka mkondo mnyoofu moja kwa moja kwenye betri, kwa nguvu ya kuanzia kilowati 50 hivi hadi 350 au zaidi. Nguvu hiyo huzalisha joto ndani ya seli, na joto ni yule adui wa kwanza aliyetajwa hapo juu. Magari mengi ya sasa hupoza betri kwa kimiminika kinachozungushwa ndani yake, na kwa sababu hiyo matumizi ya safarini pekee, kama yako, hayapaswi kukutia hofu. Umuhimu wa kupoza ulionekana wazi kwa Nissan Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 bila mfumo wa namna hiyo: kufikia 2012 wamiliki wa Arizona, Marekani, ambako kiangazi ni kikali mno, walikuwa tayari wanalalamika kwamba betri zao zimepungua uwezo.

Hatari ambayo watu huisahau ni baridi. Betri ikiwa chini ya nyuzi sifuri, ioni za lithiamu huingia ndani ya grafaiti polepole sana. Ukizisukuma kwa nguvu hazipati pa kuingia, hivyo hujirundika juu ya grafaiti kama madini ya lithiamu, na sehemu yake hairudi tena kazini. Kompyuta ya gari hulijua hilo na hupunguza nguvu ya kuchaji yenyewe. Mtu akifika kwenye chaja ya haraka asubuhi ya baridi na kuona nguvu ikipanda kwa kusuasua, asidhani chaja ni mbovu. Magari mengi hupasha betri joto njiani ukiwa umeiweka chaja hiyo kuwa kituo chako kwenye ramani ya gari, na ni vizuri kufanya hivyo hata kama njia unaijua.

Safarini pia usikae kwenye chaja ya haraka ukingoja 100. Ukitazama skrini utaona nguvu ikishuka kadiri chaji inavyopanda, na baada ya 80 hushuka kwa kiasi kikubwa, hivi kwamba sehemu ile ya mwisho huweza kukaribia muda uliotumia kwa yote yaliyotangulia. Kama kituo kinachofuata kinafikika, ondoka, na umwachie nafasi anayesubiri.

MkaziWaZamu

Samahani kwa kuingilia mada, ila mimi kazi yangu huniweka mbali na gari kwa wiki kadhaa mfululizo. Je, niliache limechomekwa?

DerevaWaMbali

Hujaingilia, swali lako ni lilelile. Liache kwenye asilimia 50 hivi, mahali penye kivuli na ubaridi kama papo. Kama mwongozo unaruhusu na kikomo cha chaji kinaweza kushushwa hadi 50, kuliacha limechomekwa ni salama, kwa kuwa litajiongezea kidogo tu linapohitaji. Kama kikomo hakiwezi kushushwa kiasi hicho, ni bora ulichomoe likiwa na 50 au 60 kuliko kuliacha likae kwenye 100 muda wote huo.

Kabla ya kuondoka zima vitu vinavyolifanya gari likeshe, kama vile kamera za ulinzi na kupasha au kupoza ndani, kisha jizuie kulifungua kwenye simu kila saa kuangalia chaji, kwa sababu kila unapoliuliza linaamka na kutumia umeme. Usisahau pia betri ndogo ya volti 12, ile inayowasha taa, milango na kompyuta. Katika magari mengi hiyo hujazwa na betri kubwa, lakini baadhi hayafanyi hivyo yakikaa muda mrefu bila kuguswa, na ikiisha gari halitawaka hata kama betri kubwa ina nusu ya chaji. Tafuta kwenye mwongozo sehemu inayozungumzia kuegesha kwa muda mrefu. Humo utakuta kama mtengenezaji anakutaka uichomoe hiyo ndogo au uiunganishe na chaja yake ya pekee.